Sentensi ya Halkano

Jumatano, ukumbi wa Shauri Moyo, saa mbili kasoro usiku.
Watu wazima kumi na mmoja kwenye viti vya chekechea,
magoti yakigonga mbao.
Nimeandika ubaoni neno would.
Wao hulitamka wudi, jirani kabisa na udi,
na hapo sijawahi kuwakosoa sana:
ni neno la moshi kweli,
halishikiki, ila nguo zako hunukia hadi kesho.

Nimewafundisha hivi.
Sentensi ni ploti. Mbele kuna nyumba, kishazi huru,
inajisimamia.
Uani kuna kibanda, kishazi tegemezi,
mlango wake ni if, au when, au unless,
nacho hakina anwani yake.
Would na will hulala nyumba ya mbele.
Ukiwapeleka uani, nitawachorea mstari.

Mutheu, fundi wa mapazia kutoka Kariokor,
akauliza bila kuinua mkono:
"Mbona yetu, nitakapofika, ina kesho tumboni?"
Nikasema kwetu kesho huingia mpaka uani.
Kwao ikitajwa mara moja inatosha.
"Wabahili," akasema,
tukacheka, mlinzi akaja kutikisa funguo.

Sasa ni saa tano, Umoja.
Mita ya stima inalia, tokeni zinakwisha.
Chai imeota ngozi.
Daftari la Halkano, bawabu wa ghala la misumari
Eneo la Viwanda, herufi kubwa tupu,
kama mtu anayejaza fomu ya serikali.
Zoezi la nne: tunga sentensi ya masharti.
Wenzake wametunga juu ya mvua,
wawili juu ya bahati nasibu.
Yeye:

IF THE AMBULANCE WOULD HAVE COME
MY BROTHER WOULD HAVE LIVED.

Kalamu nyekundu inajua kazi yake.
Nilikuwa nimeshakata would have ya kwanza
kabla sijasoma nilichokata.

Kwa lugha aliyoifikiria ni sahihi.
Ambulensi ingalikuja, ndugu yangu angalipona:
ngali huku, ngali kule,
kama wawili waliobeba machela,
mmoja kichwani, mmoja miguuni.
Kiingereza kinamwachia mmoja.
Na mimi ndiye niliyemwambia yule wa mbele
aweke chini, arudi zake.

Ningefanyaje? Mtihani ni Novemba.
Msahihishaji atakuwa na karatasi mia tatu
na hatakuwa na ndugu yeyote.
Nikaandika juu ya jeraha: had come.
Pembeni, kwa penseli, pole,
nikaifuta, nikaiandika tena.
Stima ikapotea hapo.

Jumatano iliyofuata alisubiri wenzake watoke.
Akaweka kidole kwenye wino wangu.
"Mwalimu, had come. Hii si inasema ilikuja?"
"Ikiwa peke yake, ndiyo. Nyuma ya if, haikuja."
"Kwa hiyo wanaandika kana kwamba ilikuja,
na kila anayesoma anajua haikuja."
"Ndiyo."
Akakaa na hilo muda mrefu.
Nje, mtu alikuwa akiburuta meza za mama wa chapati.
"Basi wanajua," akasema.
Sikumwelewa, na sikumuuliza.

Alinakili mara tatu kama inavyotakiwa,
had, had, had,
kalamu ikitoboa karatasi kwenye ile ya mwisho.
Kisha chini, pasipo mtu kumwagiza,
akaongeza sentensi fupi ya Kiingereza
isiyo na if wala would, nyumba isiyo na uani:
nilisimama getini mpaka kukacha.

Nikaichukua chini ya taa.
Nikatafuta kosa,
nikakosa.